Mama Pacha na Vibete Vyake Viwili

Watu wakisikia kwamba Mama Pacha anafanya kazi ya nyota, cha kwanza wanachouliza ni darubini. Hana, na hajawahi kuwa nayo. Ana meza ya mbao yenye mguu mmoja wa kuungaunga, kompyuta mbili, kiti chenye mto alioushona mwenyewe, na dirisha linalotazama maegesho ya magari ya chuo. Huingia kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni. Nyota zenyewe zinapojitokeza, yeye anakaanga vitunguu.

Cha pili wanachouliza ni bahati zao. Jirani yake wa ghorofa ya chini, mwenye saluni, amekataa katakata kuamini kwamba mtu anaweza kushinda na nyota kutwa nzima halafu asijue kama mpangaji mpya ana mke au hana. "Wewe ni mchoyo tu wa habari," humwambia kila wanapokutana kwenye ngazi. Mama Pacha humjibu kwamba nyota anazoshughulika nazo ni ndogo mno, hazina habari za mtu.

Na hapo hatanii. Nyota zake huitwa vibete vyekundu. Ni vidogo, joto lake halifikii hata kidogo lile la jua letu, na mwanga wake ni hafifu kiasi kwamba huwezi kuona hata kimoja kwa macho matupu. Lakini ndivyo vilivyojaa mtaani kwetu. Nyota nyingi zilizo jirani na jua ni vibete vya namna hiyo, na bado havijahesabiwa vyote, maana nani anahangaika na jirani asiyewasha taa?

Mama Pacha anahangaika. Kuna kamera kubwa mlimani, mbali na hapo, inayopiga picha anga lote kipande kwa kipande kwa vichujio vya rangi mbalimbali, na picha hizo humfikia kwenye kompyuta zikiwa na vidoa kwa mamilioni. Kazi yake ni kutafuta vile vyekundu vilivyo karibu na kuvijazia fomu kama karani wa sensa: rangi, joto, umbali, ukubwa, mwendo. Rangi inakupa joto. Joto, mwanga na umbali vikikaa pamoja vinakupa ukubwa. Shida ni kwamba nyota kubwa ajabu iliyo mbali sana nayo huonekana nyekundu na hafifu, ikajipenyeza kwenye orodha ya majirani kama mtu asiyealikwa harusini. Mwendo ndio huiumbua. Kilicho karibu huonekana kikisogea mwaka hadi mwaka, na kilicho mbali hubaki pale pale kama kimepigwa msumari.

Aliingia pale miaka ishirini na sita iliyopita kama karani wa mafaili, hana shahada ya nyota wala ya kitu kingine chochote. Siku moja Profesa, ambaye wakati huo alikuwa bado ana nywele, alimkuta akifuta vumbi picha za anga za zamani, zile zilizopigwa kwenye vioo. Karani hakuinua hata kichwa. "Hivi vioo viwili mmeandika ni sehemu moja ya anga," alisema, "lakini hapa pembeni kuna kidoa kimesogea." Profesa alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Ilimchukua dakika kumi kukiona. Wiki hiyo hiyo karani wa mafaili akapewa kioo cha kukuzia na cheo kipya cha mpimaji.

"Jicho hilo umelipatia wapi?" Profesa alimuuliza.

"Nina mapacha," alijibu.

Hakutia chumvi. Mabinti zake wawili walifanana hadi baba yao, fundi saa, mtu wa kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, alikuwa akiwaita wote "wewe" ili asikosee. Walipokuwa na miaka minne mama yao aliwapeleka kliniki kuchanjwa. Akamwingiza wa kwanza, akatoka analia. Akamwingiza wa pili, naye akatoka analia, tena kilio cha kukusanya watu. Mama akashukuru mambo yamekwisha, akawashika mikono, huyoo nyumbani. Jioni wakati wa kuwaogesha akakuta mtoto mmoja ana plasta mkono wa kulia na plasta mkono wa kushoto, na mwenzake hana hata alama ya mbu. Mjanja alikuwa amejificha chini ya benchi, na mwenzake, kwa kuchanganyikiwa au kwa upendo, hakuna aliyewahi kujua, akaingia mara ya pili. Daktari alisema hakuna madhara. Alisema pia kwamba katika kazi yake hajawahi kuona kitu kama hicho, jambo ambalo Mama Pacha hakulihitaji.

Tangu siku hiyo akaweka sheria. Kabla ya kula, kabla ya kulala, kabla ya kutoka kwenda popote, amri ilikuwa moja: "Wote wawili mlangoni!" Mpaka awaone wamesimama pamoja bega kwa bega, ndipo aliamini kwamba ana watoto wawili.

Yule wa chini ya benchi leo ni mkunga, na huchoma watu sindano bila kupepesa macho. Mwenzake ni dereva wa lori la masafa marefu. Wote wanampenda mama yao na wote humtembelea, ila kwa kupishana, huyu akiingia yule ameshatoka, kwa sababu zamu za hospitali na safari za lori hazijawahi kupatana hata siku moja. Mara ya mwisho kuwaona katika chumba kimoja ilikuwa siku baba yao alipofunga duka lake la saa, miaka mitatu na miezi miwili iliyopita. Halalamiki. Lakini miezi anaihesabu.

Sasa turudi kwenye orodha. Ilikuwa na vibete mia mbili na kumi na vinne, kazi yake na ya wenzake ya miaka yote hiyo. Kibete namba themanini na nane alikiona kwa wekundu wake kwenye picha za vioo, mwaka wake wa pili kazini. Namba mia moja thelathini na moja kililetwa na kamera ya mlimani miaka sita iliyopita. Mwaka jana, siku ya mvua, alikuwa akilipanga jedwali lake upya kwa kufuata rangi, na hivyo viwili vikaangukia mistari inayofuatana. Rangi ile ile. Mwanga ule ule. Joto lile lile, na umbali ule ule, ambao nuru huumaliza kwa miaka thelathini. Na angani vimetengana kwa upana wa unywele mmoja, ukiushika mahali unaposhikia gazeti.

Alipiga ukelele hadi mlinzi akapanda ngazi mbiombio. Mapacha! Vibete viwili vilivyozaliwa pamoja na vinavyosafiri pamoja, hapa hapa jirani, na aliyeviona ni yeye. Safu ya mwendo ya namba themanini na nane ilikuwa tupu, kwa kuwa picha za vioo za kipande kile cha anga zilipigwa mara moja tu, miaka arobaini iliyopita. Akaijaza kwa penseli kwenye nakala ya karatasi: "Kama pacha wake." Profesa akapitia, akatabasamu, akasaini.

Mwaka huu kikafika kikao kikubwa cha kitengo. Wageni wangekuja Alhamisi kutoka vyuo kadhaa, na Ijumaa orodha ingetumwa kuchapishwa. Profesa akamwita ofisini. "Ile ya mapacha utaisema mwenyewe," alimwambia. "Usimame wewe, mbele ya watu."

Kwa miaka ishirini na sita Mama Pacha alikuwa akikaa mstari wa nyuma kabisa, karibu na chupa za chai, akihakikisha viti vinatosha. Yeye alipima, wenye shahada za udaktari wakasimama wakasema. Hakuwa na kinyongo, au ndivyo alivyokuwa akijiambia. Bango lilipochapishwa na kubandikwa kwenye mlango wa maktaba likiwa na maneno "Mapacha wa Jirani," na chini yake majina yake yote matatu bila kifupisho, alipita mbele ya mlango huo mara nne kwa asubuhi moja, na maktaba hakuwa na shida nayo. Alishona gauni jipya. Mabinti wakaapa kuja, wote wawili.

"Mama azungumzie mapacha halafu sisi tukose?" mkunga alisema kwenye simu. "Tutaonekana watu wa ajabu."

Jumatatu, baada ya chai ya saa nne, alikuwa anamalizia mchoro wa kuwaonyesha wageni. Alitaka kuweka mshale kwenye namba mia moja thelathini na moja, kuonyesha inakoelekea. Mwendo wake aliujua vizuri, ulikuwa umepimwa kwa miaka sita. Ili mchoro upendeze akauvuta mshale nyuma pia, ionekane nyota ilikuwa wapi zamani. Akarudisha miaka kumi. Ishirini. Thelathini. Alipofika arobaini, mkia wa mshale ukatua barabara juu ya namba themanini na nane.

Alidhani amebonyeza vibaya. Akafuta, akaanza upya, mshale ukatua pale pale. Akafungua picha ya zamani ya kioo, iliyokwisha kuingizwa kwenye kompyuta. Pale palikuwa na kidoa kimoja, themanini na nane. Mahali pa yule wa pili palikuwa peusi. Akafungua picha mpya ya kamera ya mlimani. Kidoa kimoja tena, mia moja thelathini na moja, na mahali pa themanini na nane hapakuwa na kitu. Akafungua picha zote alizokuwa nazo za kipande kile, kumi na tisa kwa hesabu. Hakuna hata moja iliyowaonyesha wote wawili kwa pamoja.

Hazikuwa nyota mbili. Ilikuwa nyota moja iliyohama. Yeye aliiandikisha kwenye anwani ya zamani, akaja kuiandikisha tena kwenye anwani mpya, kisha akashangilia jinsi wenye nyumba walivyofanana. Mwaka mzima alikuwa akitazama namba kwenye jedwali, na hakuwahi kuziweka zile picha mbili kando kwa kando. Tena yeye, mwenye sheria ya mlangoni!

Aliona aibu hadi masikio yakawaka. Nje ya dirisha mtu alikuwa akirudisha gari nyuma huku mwenzake akimwelekeza, "Njoo, njoo, njoo," na Mama Pacha akatamani maisha yake yawe na shida ya namna hiyo. Hakuna aliyeuona ule mshale. Kitufe cha kufuta kilikuwa chini ya kidole chake. Alhamisi angesimama, angepigiwa makofi, mabinti wangemwona, na pengine ingepita miaka mingi kabla ya mtu mwingine kugundua. Hakufuta. Lakini hakumwambia mtu pia. Alizima kompyuta saa tisa, saa nzima kabla ya muda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa na homa.

Nyumbani alimkuta mumewe mezani, saa ya mkono ya mtu imefunguliwa tumbo mbele yake. Duka alilifunga, lakini mikono yake haijasikia habari hiyo. Alimweleza yote bila kukaa.

Baba Pacha alitoa lenzi jichoni. "Kwa hiyo," alisema polepole, "umemchanja mmoja mara mbili."

Mama Pacha aliangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Alijifuta kwa upande wa kanga. "Bango limeshabandikwa, Baba Pacha. Gauni nimeshalishona. Nikinyamaza, nani atajua?"

"Hakuna. Labda wewe." Alifikiri kidogo. "Na mimi, lakini mimi ninasahau."

Jioni hiyo akampigia simu mkunga amwambie asije. "Mama," mkunga alimkata kauli, "nimebadilishana zamu na mtu nisiyempenda. Kama unataka kuniambia niahirishe, usiniambie." Mama Pacha akasema alikuwa anauliza hali tu.

Jumanne asubuhi akaingia kwa Profesa na picha mbili mkononi, akaziweka kando kwa kando juu ya meza. Profesa alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Safari hii hakuhitaji dakika kumi.

"Mimi ndiye niliyesaini," alisema hatimaye.

"Mimi ndiye niliyeandika."

Profesa alikuna kipara. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimpeleka pabaya kidogo. "Sikiliza, Mama Pacha. Tutaitoa kwenye orodha kimyakimya. Alhamisi nitawaambia unaumwa, mtu mwingine achukue nafasi yako. Hakuna atakayeuliza."

Ilikuwa njia rahisi, na ilimvutia. Angevaa nguo za kawaida, angekaa karibu na chupa za chai kama siku zote, au angebaki nyumbani kabisa na shuka hadi kidevuni. Lakini alilitazama lile jina lake kwenye nakala ya bango ukutani kwa Profesa, na kitu kikampanda. Kama jina lilitosha kubandikwa kwa sifa, litatosha kubaki kwa kosa.

"Profesa, mimi siumwi," alisema. "Nitasimama. Ila nitasema hili."

Jumatano nzima alikaa na mwandishi wa programu za kompyuta wa kitengo, msichana mpole anayeongea na kompyuta kuliko na watu, akamweleza sheria ya mlangoni. Nyota mbili zinazofanana zikiwa karibukaribu, mashine itafute picha yenye zote mbili. Isipoipata, ipige kelele. Msichana aliandika mistari michache, akabonyeza. Mashine ikapiga kelele mara tano. Ya kwanza ilikuwa ile ya Mama Pacha. Nne zilizobaki ziliandikishwa na watu wengine, mmoja wao akiwa Profesa mwenyewe. Orodha ikashuka hadi mia mbili na tisa.

"Hii kanuni tuiite nani?" msichana aliuliza, vidole juu ya kibodi.

"Iite kliniki," Mama Pacha alisema, na ndivyo ilivyo hadi leo.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Kabla ya kuanza alimwona mkunga ameketi nyuma, peke yake, mkoba umeshikilia kiti cha pili. "Mwenzako?" alimuuliza kwa ishara. Mkunga aliinua mabega. Msimamizi akaja akauomba mkoba ushuke, mgeni akakalia kile kiti, na moyo wa Mama Pacha ukashuka pamoja na mkoba.

Akapanda jukwaani na gauni lake jipya. Akaishika meza kwa mikono miwili. "Bango linasema nina mapacha wawili," alianza. "Wa angani sina. Nimekuja kuwaeleza nilivyowapata na nilivyowapoteza."

Akaonyesha picha mbili. Akavuta mshale nyuma mbele yao, miaka kumi, ishirini, thelathini, arobaini, na ukumbi mzima ukauona mkia unavyotua. Mtu mmoja mbele aliguna. Wengine walitazama chini, kwa maana kila mmoja alikuwa na orodha yake nyumbani. Ndipo akawasimulia habari ya kliniki na sheria ya mlangoni. Alipofika kwenye plasta mbili watu walicheka hadi Profesa akaivua miwani na kujifuta, na mkunga kule nyuma akaficha uso kwa mkoba. Sauti ya Mama Pacha ikatulia. Akawaambia jambo moja zuri alilolikuta ndani ya kosa: nyota hii sasa ina anwani mbili zilizopishana miaka arobaini, kwa hiyo mwendo wake umepimika kuliko wa kibete kingine chochote kwenye orodha. Amepoteza mapacha, amepata msafiri.

Makofi yalikuwa ya kweli. Hakuyatarajia, na aliyapokea ameduwaa.

Kisha mgeni mmoja mzee mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mama, kwa sheria yako hiyo, katika orodha yote hakuna hata jozi moja ya mapacha wa kweli?"

Alifungua kinywa ajibu. Hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa, na dereva akaingia na koti lake la kazi, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi. Hakukuwa na kiti. Mkunga aliinuka, akapita katikati ya watu, akaenda kusimama na pacha wake. Wakabaki pale mlangoni bega kwa bega, mmoja na koti, mwingine na mkoba, sura ile ile mara mbili.

Mama Pacha alisahau mgeni, akasahau kipaza sauti kiko mbele yake. Miaka mitatu na miezi miwili. Machozi yakamjia na hakujaribu kuyazuia.

"Kwenye orodha hawapo," alisema. "Wako mlangoni."

Ukumbi mzima ukageuka. Dereva, aliyekuwa hajui lolote lililopita, akadhani amekosea chumba, akashika kitasa atoke.

"Msiondoke hapo!" Mama Pacha akawaambia mbele za wageni wote. "Mkae hivyo hivyo, mpaka nimalize kuwaangalia."